Dada, ile pikapu sio yangu

Dada Mwajuma, shikamoo. Na Mama mfikishie shikamoo yangu, nitampigia Ijumaa baada ya swala. Leo nimeamua kuandika maana kwa simu haya mambo hayaongeleki, nikianza tu kueleza Baba Mdogo anaomba simu "nimsalimie mwanangu" halafu ndio basi tena, salio linaisha yeye akiwa bado anasalimia.

Kwanza hiyo vidio ya mie namwaga maji juu ya pikapu. Naambiwa imefika mpaka kwa Shangazi Namtumbo na sasa ipo Masasi. Shaibu ndio kaiweka stetasi, mie nilimtumia yeye peke yake tucheke, yeye kaandika "bro anakula bata Thailand" na vile vikatuni vya moto. Sasa nasikia kwenye kikao Baba Mdogo kaishika ile simu kamuonyesha kila mtu, mtu ana maji ya kumwaga barabarani na barafu juu anakosaje milioni tatu za mahari ya mdogo wake Shaibu, tena na gari kanunua. Dada, ile pikapu ni ya bosi! Mie nimepandishwa nyuma kwa sababu ni mrefu na mkono wangu unafika mbali, wale watoto wa pale walinitaka mie ndio niwe nachota kwenye pipa. Lile shati la maua nalo watu wote wanalivaa siku hizo, linauzwa kwenye matoroli njiani, bei ya sahani mbili tatu za chakula. Hata miwani ni ya kuzuia maji tu. Hakuna bata pale.

Ngoja niwaeleze hii Songkran maana naona huko mnadhani ni tamasha la bia. Ni mwaka mpya wa hawa watu, kila mwaka tarehe 13 mpaka 15 mwezi wa nne, na kwa hesabu zao 2025 yetu ni mwaka 2568, wametuacha mbali. Januari nayo wanapumzika ila huu ndio wenyewe, mtu asiporudi kwao Songkran ni kama wewe usionekane nyumbani Idi. Bangkok inamwagika yote kwenye mabasi kwenda mikoani. Na joto la mwezi wa nne hapa acha tu, la Tunduru mwezi wa kumi na moja ni baridi, kwa hiyo maji yana maana yake. Unajua ile ya kumvizia mtu siku ya bethdei yake mkamwagie ndoo? Sasa fikiria bethdei ni ya nchi nzima na inakwenda siku tatu. Polisi analoweshwa, muuza maembe analoweshwa, wewe unayetoka dukani na mkate wako unaloweshwa na mtoto ana bunduki ya maji kubwa kuliko yeye, halafu anakuinamia kwa adabu kabisa. UNESCO nao mwaka 2023 wameiandika kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika, tangu hapo ndio wamezidi.

Ukiniuliza naipenda au siipendi, mie mwenyewe inategemea umeniuliza saa ngapi.

Sisi wageni tuliokaa hapa kidogo tunajuana ikifika mwezi huu. Wapya wanahesabu siku, washanunua bunduki na kile kimfuko cha plastiki cha kuning'iniza simu shingoni. Wazungu wenye miaka yao hapa wananunua mayai na maji ya kunywa wanajifungia ndani, wengine wanapanda ndege kabisa kukimbia, wanarudi yakishakauka, ila usikosee ukakimbilia Laos au Burma maana nako wanamwagiana vilevile. Wale Waguinea wanaofanya biashara ya mawe ya vito kama mie pale barabara ya Mahesak wanakaa juu dirishani na kahawa wanatazama chini kama wako sinema. Yule Mzanzibari wetu ndio anawatetea, anasema kwao Makunduchi mwaka ukiisha wanachapana na migomba, hawa maji tu mnalalamika nini.

Mie kilichonichosha ni kazi. Mnajua ofisi zetu ziko kwenye vichochoro vya kutokea Silom, na Silom ndio moja ya barabara wanazozifunga kwa ajili ya maji, watu wanajaa chini kuanzia stesheni ya treni ya juu mpaka hupati pa kuweka mguu. Mwaka jana nilipeleka mzigo kwa mnunuzi upande wa pili nikidhani kwa mchana ule bado hawajachangamka. Simu nimeiweka kwenye plastiki kama mtu mwenye akili, mawe mfuko wa shati, kwenye zile karatasi zetu za kukunja. Nikapigwa maji ya barafu kifuani mpaka pumzi ikakata, mama mmoja akanipaka ule unga wao mweupe mashavuni, akaniambia sawadii pii mai, yaani heri ya mwaka mpya, na mie na meno yangu nje, sawadii pii mai. Kufika kule naingia chooni kufungua karatasi. Jiwe halina shida, jiwe limelala mtoni kwetu miaka na miaka. Wino sasa! Uzito wa karati, bei, hii ya nani na ile ya nani, vyote vimekuwa rangi ya bluu inatiririka kwenye sinki. Na kwenye hii biashara ile karatasi ndio mdomo wako. Nilikaa pale sakafuni na mizani ndogo nikipima safaya mojamoja upya huku nje wanapiga muziki wa kishindo. Huyo mnunuzi alicheka sana, halafu akatumia nafasi hiyohiyo kushusha bei.

Na 2023 ndio kali, Songkran iliangukia ndani ya Ramadhani. Umefunga, kiu ya saa tisa mchana, mtu anakulenga mdomoni. Nilikwenda pale msikiti wa Haroon kumuuliza mzee mmoja wa Kithai kama funga yangu ipo, akaniambia usichokikusudia hakikuharibii, ila na wewe funga mdomo. Huyo mzee nampenda mpaka leo.

Basi turudi kwenye hela, ndio Baba Mdogo anataka kusikia. Dada, hii wiki aliyochagua yeye kuitisha kikao ndio wiki ambayo mtu wa mawe Bangkok hana hata senti inayotembea. Mahesak milango ya chuma imeshushwa. Wakataji wa mawe wameenda kwao Isan, kaskazini mashariki, wengine hawarudi mpaka mwisho wa mwezi. Soko la mawe la Chanthaburi, lile la Ijumaa mpaka Jumapili, limefungwa. Mzigo wangu mkubwa upo kwa mtu kwa mali kauli tangu kabla ya Idi, kila nikimuuliza jibu ni moja, baada ya Songkran. Hata benki zimepumzika. Sasa mimi nikisema baada ya sikukuu nitatuma, Baba Mdogo anasema namzungusha, mbona maji anamwaga sasa hivi hasubiri baada ya sikukuu. Haya, na mie nikamuulize yeye hela ya korosho za msimu uliopita ilikwenda wapi? Mikorosho ni ya Baba, kaipanda Baba, palizi na salfa nimelipa mie, bati za ile nyumba anayokalia kikao nimelipa mie, na si bati za kuungaunga, ni msouth wa rangi nyumba nzima, hakuna nyingine mtaa ule. Leo ananiambia nisipotuma ataliweka shamba poni. Poni! Kwa ajili ya mahari ya Shaibu ambayo hata wakwe hawajaitaja wote, ile milioni tatu kaitoa yeye kichwani.

Halafu kanigusa pale anapojua pananiuma, ati mtu ambaye hata baba yake hakumzika. Mwaka 2020 ndege zilikuwa hazipo dada, hata hawa wenyewe mwaka ule hawakurushiana tone la maji, serikali iliisogeza Songkran, Silom ilikuwa nyeupe mchana. Niliwaona mnamtoa Baba kwenye simu ya jirani, picha inakwama, inakwama. Sitaki kuliongelea hilo. Ila mwambie asilirudie kwenye kikao.

Na lile tetemeko la ardhi la mwezi wa tatu 2025 mwambie Mama aache kuangalia zile vidio, niko mzima, tulishuka kwa ngazi tukakaa barabarani tukarudi kazini. Yakaisha.

Sasa sikia kitu kizuri. Ile vidio sio ya Bangkok, ni Chanthaburi, nyumbani kwa wazazi wa bosi. Yaani bosi kanichukua mie kwenye gari lake kwenda kwao kula mwaka mpya, dada, kwenye ile ofisi kuna Wahindi wana miaka kuliko mimi hawajawahi kuona hata geti la pale. Ni wachoma mawe hao, tanuru liko nyuma ya nyumba, safaya inaingia na rangi ya moshi inatoka unaikana. Asubuhi kabla ya fujo za pikapu wakatandika mkeka sebuleni, mzee na mkewe wakakaa kwenye viti, mbele yao beseni la bati lenye nakshi. Kila mmoja, kuanzia mkubwa, anapiga magoti na kibakuli cha fedha, ndani maji yana maua ya asumini na marashi, anawamwagia mikononi polepole, sio kichwani, mikononi, na wao wanamuombea heri ya mwaka. Hakuna kelele. Vile vijukuu ambavyo saa moja baadaye vilikuwa vinanipiga ndoo usoni vilitulia kama viko madrasa.

Mie nilibaki nyuma mlangoni, nikawaza hii ni ibada au ni nini. Mke wa bosi akanielewa, akasema sanamu tushaziosha wenyewe huko ndani, hii ni heshima ya wazee tu, ukitaka. Nikaenda. Yule mzee ngozi ya mkono imekuwa karatasi, kidole kimoja hakikunjiki, na ananukia liwa kama Bibi. Nilivyopiga goti ikanitoka tu, shikamoo mzee. Akaniangalia. Akasema shikamoo na yeye! Hajui kama yeye ni wa marahaba. Halafu akaanza: Tunduru? Tunduru? Bei gani, bei gani, maji hakuna, kesho! Nyumba nzima ikaangua kicheko, bosi mwenyewe kafa, alikuwa anajua baba yake alikwenda Afrika ila hajawahi kumsikia anaongea Kiswahili.

Kumbe ni mmoja wa wale Mathai wa mwaka 95, wale waliokuja na Wasirilanka kununua safaya. Akakaa na mie mpaka chakula. Anakumbuka vumbi la barabara ya Songea, anakumbuka malaria, karibu imuue, anakumbuka watu wamepanga foleni na mawe kwenye vichupa vya dawa. Akaniuliza Muhuwesi bado wanachimba? Nikamwambia wanachimba, na baba yangu alichimba palepale, na sasa kuna soko la madini la serikali watu hawauziani tena kwenye magesti. Bosi akawatafsiria wote kuwa huyu baba yake alikuwa anachimba yale mawe yaliyojenga hii nyumba, na watu wote wakageuka kunitazama, nikajiona mtu. Muulize Mama kama anamkumbuka Mthai mwembamba, mrefu kwa Mthai, ana kovu kwenye nyusi. Baba alikuwa na Mthai wake mmoja aliyekuwa anampa sukari, ndio huyo? Mie sitaki kusema ndio huyo, Mathai walikuwa wengi. Ila muulize.

Baada ya hapo ndio wakanipandisha kwenye pikapu na mkapata vidio yenu. Na niseme ukweli nilifurahi, nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, tunapita karibu na lile kanisa lao kubwa, mapipa yamejaa barafu, kila gari tunalopishana nalo ni vita. Usiku ndio mambo mengine, walevi kwenye pikipiki, hizi siku saba serikali yao yenyewe inaziita siku saba za hatari, karibu kila mwaka wanakufa zaidi ya watu 200 barabarani. Mie jua likizama nipo ndani nimejifunika blanketi natetemeka, nikasikia hamu ya uji wa Mama wenye pilipili manga mpaka nikakasirika.

Haya, mambo ya kufanya. Nimetuma laki sita kwenye namba yako, SIO ya Baba Mdogo, hiyo ni ya kwenda kuuliza kwa wakwe mahari kamili ni kiasi gani na aende Mjomba, asiende yeye. Nyingine nikishalipwa ule mzigo, mwezi wa tano katikati hivi. Ile karatasi ya shamba yenye muhuri wa kijiji iko kwenye sanduku la Mama chini ya kanga za msiba, itoe uihamishie kwako leo, usingoje kesho. Mtu yeyote akileta mkopeshaji pale shambani nipigie hata usiku, kwetu huku kumetangulia saa nne tu, nitapokea.

Na Shaibu mpe pole yangu, najua yeye hana kosa, kapenda tu.

Kuna yule jamaa wa Songea anakuja na mzigo mwezi wa sita, nitakutumia namba yake. Mpe korosho kilo mbili, yule mzee wa Chanthaburi kaniulizia mwenyewe, kasema zile za kuchomwa kwenye bati zenye harufu ya moshi, sio hizi za kwenye pakiti. Uzibangue vizuri maana meno yake mengi ya bandia.