Usugu wa dawa: majibu ya maabara yasiishie mfukoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie usugu wa vimelea dhidi ya dawa, hasa bakteria tunaowapata kwa njia ya chakula.

Mjukuu wangu wa miaka minne alihara damu siku tatu, na siprofloksasini aliyoandikiwa haikumsaidia kitu mpaka choo chake kilipooteshwa maabara, yaani bakteria waliomo wakakuzwa ili wajulikane, na kuonekana salmonela, bakteria wa kuharisha. Katika kikaratasi cha majibu, mbele ya jina la dawa ile, paliandikwa herufi R, maana yake haimuui tena bakteria yule. Alibadilishiwa dawa na sasa ni mzima, alhamdulillahi, lakini kikaratasi chenyewe tulikikunja tukarudi nacho nyumbani, na sikuona mtu aliyekinakili.

Mimi ni mfugaji wa kuku wa kisasa, na jambo hili limeninyima usingizi, kwa sababu vifaranga wangu wakizubaa huwatilia katika maji ya kunywa enrofloksasini, dawa ya ukoo mmoja na ile aliyopewa mtoto, ambayo dukani huuziwa bila ya kuulizwa neno. Bakteria aliyeizoea dawa hiyo bandani huweza kumfikia mtu kwa nyama isiyoiva vizuri, au kwa kisu kilichochinjia kuku kisha kikakatia kachumbari.

Denmark ilianza mwaka 1995, na Marekani mwaka 1996, kufuatilia usugu huu kwa kuwalinganisha bakteria wa wagonjwa, wa mifugo na wa nyama inayouzwa. Ufuatiliaji wa namna hiyo ndio uliowapa Wamarekani ushahidi wa kampilobakta sugu, bakteria mwingine wa kuku anayewaharisha watu, na mwaka 2005 wakaiondoa enrofloksasini katika ufugaji wa kuku.

Pemba hatuanzi patupu, kwani Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri ipo Wawi tangu mwaka 2000. Ninaloziomba wizara zinazosimamia afya na mifugo ni kwamba majibu ya kila choo kinachooteshwa, Unguja na Pemba, yaingizwe katika daftari moja pamoja na ya kuku wa masokoni, kisha yatangazwe kila mwaka, ili daktari ajue dawa ipi bado inafanya kazi na mfugaji ajue ipi aiwache.

Kuku wangu wako tayari kuchukuliwa sampuli wakati wowote, na orodha ya dawa ninazowapa nitaitoa bila ya kuficha hata moja.

Mfugaji wa kuku,
Wete, Pemba.