Kabla Hujasema Kompyuta Imekufa

Mwanangu,

Nimesoma ujumbe wako: "Mama, intaneti imefutika kwenye ile kompyuta." Nimecheka kidogo, nisamehe. Intaneti haifutiki. Kilichokupotea ni kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, na pengine hata hicho kipo, ila ile picha yake ndogo ndiyo haionekani. Ikoni ni kibao cha mlangoni tu. Kikianguka, nyumba haijahama.

Bonyeza kitufe cha Windows kwenye kibodi, andika firefox, ndilo jina la kivinjari chetu, kisha subiri. Mashine hiyo ni mzee, usiikimbize. Jina likitokea, libofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ulibandike kwenye mstari wa chini, yameisha. Lisipotokea, ingia diski C, fungua Program Files, utafute folda ya Mozilla Firefox. Ukiikuta folda lakini ndani hamna faili la firefox.exe, mshukiwa wangu wa kwanza ni antivairasi, programu ya kuzuia virusi; huwa zinakamata hata wasio na hatia. Chungulia kwenye karantini yake, pale inapofungia mafaili inayoyashuku. Ukilikuta humo, usilitoe. Sakinisha upya tu, ndiyo salama zaidi.

Sasa, kama kivinjari kinafunguka lakini kila tovuti inakuambia muunganisho si salama, usifute kitu. Tazama saa, kule kona ya chini kulia.

Hapo ndipo nilipoumbuka mimi. Mashine hiyohiyo ilinigomea wiki nzima, wewe ukiwa bado mdogo. Fundi mmoja akaifungua, akaifunga, akanishauri ninunue nyingine. Usiku nikakaa nayo tena, ndipo nikaiona tarehe: 1 Januari 2009. Nikairekebisha, tovuti zikafunguka zote. Asubuhi nikaiwasha, ikarudi 2009! Kumbe ndani, kwenye ubao mkuu, kuna betri bapa ya duara mithili ya sarafu, imeandikwa CR2032, volti 3. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea wakati kompyuta haina umeme, nayo ilikuwa imekwisha. Kila tovuti salama ina cheti cha kuthibitisha kuwa ndiyo yenyewe, chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta ikiamini tuko 2009, vyeti vya leo inaviona havijaanza kutumika, inavikataa. Nilichomoa waya wa umeme, nikakisukuma kile kikucha cha pembeni kwa ukucha wangu, tochi nimeibana kwa meno, betri ikaruka yenyewe. Nikaweka mpya, alama ya kujumlisha ikitazama juu. Fundi sikumwambia.

Kama saa ni sahihi, basi tatizo ni umri. Mfumo unaoiendesha mashine hiyo ni Windows 7, na Microsoft waliacha kuihudumia tangu 14 Januari 2020. Chrome, kivinjari cha Google, ya mwisho inayokubali humo ni toleo la 109. Kuanzia la 110, la mwaka 2023, ni Windows 10 kwenda juu. Kwa hiyo ukipakua Chrome mpya itakataa, na haitakuwa kosa lako. Upande wa Firefox, tafuta toleo la 115, lile lililotengenezwa ili lihudumiwe kwa muda mrefu, ambalo ndilo la mwisho kwa Windows 7. Ningekuwa wewe ningechukua hilo.

Utalipakuaje bila kivinjari? Tumia kompyuta nyingine na flashi. Chukua faili kwenye tovuti ya Mozilla, watengenezaji wa Firefox wenyewe, si kwenye yale matangazo yenye vitufe vikubwa vya kijani. Hakikisha ni kisakinishi kamili, maana kile kidogo kitataka kwenda kujipakulia mengine mtandaoni. Uangalie pia kama mashine ni ya biti 32 au 64, hizo ni aina mbili za Windows: kwenye diski C ukikuta Program Files ni mbili, moja ikiishia na x86, hiyo ni 64. Ikiwa moja tu, chukua ya 32.

Alamisho zangu, yaani tovuti nilizojiwekea alama, na manenosiri usiogope kuvipoteza. Firefox huvihifadhi kando, kwenye folda ya mtumiaji, kwa hiyo kuiondoa programu na kuirudisha hakuvigusi. Ila ikikuuliza kama urejeshe kila kitu kama kipya, kataa. Ikifunguka na kuganda, shikilia Shift huku ukiibofya, itaanza bila viongezi, vile vijiprogramu vya ziada vinavyopachikwa ndani yake. Ikienda vizuri hivyo, mkorofi ni kiongezi kimojawapo.

Na benki usiingie kwa mashine hiyo, hata ikipona. Kusoma na kuandika, sawa. Pesa, tumia simu yako.

Ukikwama, nipigie picha ya ujumbe unaotokea kwenye skrini. Ila safari hii shika simu kwa mikono miwili, ile ya jana sikuambulia hata neno.

Mama yako