Mdiria wa asubuhi hii

London, 27 Aprili 2025

Shoga yangu kipenzi,

Salaam nyingi sana. Hujambo? Mama mkubwa hajambo? Watoto wazima wote? Mimi mzima, ni magoti tu yanayonisumbua kwa zamu za usiku. Najua umenuna. Umeniandikia mara nne tangu mwezi wa pili, zote nimezisoma na sikujibu hata moja. Sina ugomvi nawe, na ya yule mwenzetu wa Kange usiyasikilize. Nilikuwa na huzuni, mwenzangu, na niliona haya kuisema, maana ningeanzaje kukwambia kwamba nalilia mto?

Ni ule uliouona kwenye picha ukaniuliza, "Huo mfereji wa wapi?" Si mfereji. Unaitwa Wandle. Ni mto mdogo, kama kilomita 14 tu, mtu akidamka anaweza kuutembea wote na jioni akawa kwake. Unaanzia Croydon na Carshalton, huku kusini mwa London, chini ya vilima vya North Downs, na vilima hivyo ni vya jiwe la chaki, jeupe, laini, linalokunywa maji. Mvua ikinyesha haikimbii juu ya ardhi, inazama, inachujwa humo taratibu, halafu inatokea chemchemini ikiwa safi kama kioo. Ubaridi wa maji yale yakitoka ni uleule mwaka mzima, digrii 10 au 11. Asubuhi za baridi kali unaona mto unafuka moshi kama chungu cha chai. Mito ya chaki namna hii ni michache sana duniani, na mingi yake iko hapa Uingereza. Kwa hiyo huo mfereji wako ni kitu adimu!

Matawi yake mawili yanakutana kwenye kisiwa cha miti kiitwacho Wilderness Island, kisha mto unashuka Hackbridge, unapita Morden Hall Park, Merton, Colliers Wood, Earlsfield, mpaka Wandsworth unapomwaga kwenye Thames. Mimi nakutana nao Morden, nikitoka zamu. Zamani hapo palikuwa na vinu vya kusaga ugoro. Ndiyo, ugoro! Gurudumu la maji bado lipo, na kila nikilipita namkumbuka babu yako na kile kikopo chake, jinsi alivyokuwa akikigonga mara tatu kabla ya kufungua.

Na wewe muuza khanga hili utalipenda. Pale Merton, mwaka 1881, William Morris, yule Mwingereza mbunifu wa mitindo ya vitambaa, alihamishia karakana yake kwa sababu ya maji haya haya. Yalifaa kwa rangi. Vitambaa walivisuuza mtoni, wakavianika kwenye majani jua livipige. Mtindo mmoja aliupa jina la mto, Wandle, una maua makubwa na mistari inayokwenda mshazari. Nimeuona kwa macho yangu, nikasema huu ukiwekewa pindo na jina ungegombaniwa Barabara ya 12 pale Tanga mjini.

Lakini nilichotaka kukwambia ni cha mwezi wa pili.

Maelfu ya lita za dizeli ziliingia mtoni huko juu. Mimi nilijua kwa pua kabla ya macho. Nilitoka kazini saa moja asubuhi, nikafika darajani, harufu ikanipiga kama niko kituo cha mafuta. Juu ya maji pametanda zile rangi za upinde wa mvua, nzuri kwa macho, na ndani yake bata wanajisafisha manyoya wasijue kwamba kadiri wanavyoyasafisha ndivyo wanavyoimeza dizeli. Watu waliweka maboya ya kunyonya mafuta toka ng'ambo hii hadi ile. Nilisimama nikalia, shoga. Nililia kweli.

Wewe unajua kwa nini. Mama alipofariki, nyinyi mlimpeleka, mimi karatasi zangu zilikuwa hazijatoka. Siku mliyomzika nilikuwa kwenye benchi pembeni ya maji haya, simu mkononi, nikisikia dua kwa kukatikakatika. Betri ilipokwisha nilibaki na sauti ya mto tu. Toka siku ile ndipo ninapokwenda nikitaka kuzungumza naye. Hapa sina kaburi la kuzuru, nina benchi lile.

Na mwezi wa pili ndio mbaya kuliko yote kwa jambo kama hilo. Trauti, samaki wa mito ya baridi, hutaga wakati wa baridi, jike anachimba changarawe kwa mkia, anafukia mayai, na mwezi huo mayai au vitoto vyake bado vimo humo chini. Nilikuwa nikiwaza hivyo usiku, kazini, huku namgeuza bibi mmoja kitandani. Vile vilivyomo kwenye changarawe vitakimbilia wapi?

Huu mto umeshauawa kabla ya hapo. Viwanda viliusonga miaka na miaka, wazee wa hapa wanasema rangi ya maji ilifuata rangi ya kiwandani siku hiyo. Miaka ya 1960 ukatangazwa rasmi kuwa ni mtaro wa maji taka. Watu wakautoa takataka, wakarudisha changarawe, watoto wa shule wakalea trauti madarasani na kuwaachia mtoni. Mwaka 2007 kemikali ya kusafishia mitambo ya maji taka ikavuja, samaki maelfu wakafa, wakaanza tena. Nami mwaka juzi nilijiunga na wanaousafisha. Navaa yale mabuti ya mpira yanayofika kifuani, tunaingia, tunavuta matoroli ya supamaketi, matairi, baiskeli. Siku moja tulitoa cherehani! Kuna bwana mmoja mzee, fundi bomba mstaafu, ananionyesha kila kitu: hili ni jani la asili, lile ni gugu la kigeni, hapa pamewekwa njia ya brashi ili mikunga wadogo, wale samaki warefu kama nyoka, wapande banio. Mikunga hao wanazaliwa Bahari ya Sargasso, ng'ambo ya Atlantiki, wanakuja mpaka huku nyuma ya maduka ya Colliers Wood. Nilipoambiwa hilo sikulala. Kiumbe mwembamba vile, aijue njia!

Sasa asubuhi hii. Nimetoka zamu, Jumapili, hakuna mtu. Nikaketi. Mara mdiria, yule ndege mvuvi, akapita, buluu tupu, chini kabisa juu ya maji, akatua kwenye tawi mbele yangu. Ana kisamaki mdomoni. Yule mzee alinifundisha kitu: mdiria akila mwenyewe humgeuza samaki kichwa kitangulie kooni, mapezi yasimkwame. Huyu alimshika kichwa kikiangalia nje. Kwa hiyo hakuwa wa kwake. Alikuwa anampelekea mwingine, mke au kifaranga. Akaruka akaenda zake nyuma ya mizizi.

Basi samaki wadogo wapo. Nimekuja moja kwa moja nyumbani kukuandikia, hata sare sijavua.

Na kuna jambo jingine, ndilo linalonitesa. Nimepata kazi Leeds. Mshahara mzuri, zamu za mchana, chumba kinakwenda na kazi. Mdogo wangu anasema nina wazimu nikikataa. Wanataka jibu Ijumaa. Kwa hesabu ni kwenda. Lakini nikifikiria kwamba siku ya arobaini ya bibi ninayemhudumia, au siku mama anaponijia ndotoni, nitatoka mlangoni na pale hapana maji ya... sijui hata nilisemeje.

Niambie wewe, unanijua tangu tunachota maji mto Zigi na madumu ya kijani. Niende? Ni ujinga kuweka mto kwenye mizani na mshahara? Je, ule mwarobaini uliopanda kichwani pa kaburi la mama umeshika, au mbuzi wameumaliza? Unaweza kunipigia picha ukipita? Zigi imejaa safari hii, au masika yamechelewa? Babu yako alikuwa akisema alivua mkunga pale chini ya daraja, ni kweli au alikuwa anatuchezea? Na yule wa stendi, ameoa?

Nijibu kabla ya Ijumaa, hata kwa sauti, hata usiku wa manane.

Wako,
Somo yako wa Muheza