Kikao cha Jumamosi: tumefanikiwa nini hasa?

Habari zenu wapendwa, poleni na majukumu. Kikao ni Jumamosi hii saa kumi jioni, kwa video, linki nitaitupa hapa nusu saa kabla. Ajenda moja tu: ripoti ya mwaka tuandike nini kama mafanikio, maana rasimu niliyoiona imejaa semina, tisheti na picha za kukabidhi misaada, na kusema kweli mimi hayo naona ni shughuli tu, chandarua kikigawiwa halafu kikabaki kwenye mfuko wake hakijamkinga mtu malaria. Cheki kampeni ya kutokomeza mnyoo wa Guinea (ugonjwa wa minyoo unaopatikana kwa kunywa maji machafu), 1986 wagonjwa walikadiriwa milioni 3.5, mwaka 2023 wakawa 14 dunia nzima, hapo nani atauliza vilifanyika vikao vingapi?

Kabla ya Ijumaa usiku naomba:
1. Kila mtu alete jambo moja lililobadilika kwa walengwa, na tumejuaje.
2. Watu wa takwimu, wapigieni simu wachache tuliowasaidia mwaka jana, wanaendeleaje sasa.
3. Mweka hazina, gharama za kila mradi tafadhali, hata ule uliobuma.

Ukisoma hii andika "nipo" au "sipo", kupita kimyakimya hapana jamani 😅