Tripodi ya mwindaji haipimwi kwa mizani pekee

Mhariri,

Makala za zana za uwindaji katika kurasa zenu huieleza tripodi nyepesi (stendi ya miguu mitatu) kwa tarakimu mbili: uzito wake na mzigo unaotajwa na kiwanda. Msomaji akinunua kwa kufuata hizo mbili tu, ni rahisi kuondoka dukani na stendi inayofaa kamera ndogo lakini inayotetemeka ikiwekewa darubini, na kuyumba ikiwekewa bunduki. Naomba jambo hili lielezwe vizuri zaidi, kwa sababu risasi inayotoka kwenye stendi inayoyumba humjeruhi mnyama badala ya kumuua.

Tuanze na mzigo. Kiwanda kinaposema tripodi inabeba kilo 15, kwa kawaida maana yake ni kwamba miguu haitateleza wala kichwa, yaani sehemu ya juu inayoshika na kugeuza kifaa, hakitainama chini ya uzito uliotulia. Darubini ya macho mawili ya 10x42, yaani inayokuza mara 10 na yenye lenzi za mbele za milimita 42, haifiki hata kilo moja, kwa hiyo karibu kila tripodi sokoni inaiweza. Kinachotakiwa kujulikana ni muda inaochukua kutulia upepo ukiipiga au mkono ukiigusa, maana darubini inayokuza mara 10 hukuza na mtikisiko mara 10. Hilo linapimika dukani. Funga darubini, nyoosha miguu mpaka kimo utakachotumia, lenga kitu cha mbali chenye ukingo unaoonekana vizuri, kisha gonga mguu mmoja kwa kidole na uhesabu. Picha ikitulia ndani ya sekunde mbili, stendi hiyo ni ya kazi. Ikiendelea kucheza hadi sekunde nne au tano, upepo wa kawaida tu utakunyima kuliona sikio la mnyama lililo kivulini. Halafu shika sehemu ya juu kwa mikono miwili, isokote taratibu kushoto na kulia, utazame inalegea wapi: kwenye maungio ya miguu, kwenye mlingoti wa kati (nguzo inayopandishwa katikati ya miguu), au kwenye vipande vyembamba vya chini.

Mlingoti huo wa kati ndio adui wa kwanza. Ukiupandisha, darubini inakuwa imesimama juu ya fimbo moja, na miguu mitatu haiisaidii tena. Pia huzuia tripodi kushuka chini kabisa unapotaka kulala kifudifudi. Kama unatoka, utoe na ubaki na bamba la juu. Gramu kadhaa zinapungua papo hapo. Kimo cha tripodi, basi, kihesabiwe bila mlingoti. Kichwa, kishikizo na darubini huongeza kama sentimita 15 hadi 20, kwa hiyo mtu anayetaka kutazama akiwa wima anahitaji miguu inayofika kidevuni hivi, pamoja na akiba kwa ajili ya mguu utakaokuwa upande wa bondeni.

Lakini je, unahitaji kusimama? Saa nyingi za kutafuta mnyama kwa darubini hupita mtu akiwa ameketi, kwani mwili uliokaa hutulia na hauonekani haraka. Mwindaji wa milima iliyo wazi anaweza kabisa kuishi na tripodi fupi inayomtosha akiwa ameketi au amepiga goti. Anayewinda kwenye nyasi ndefu au vichaka hana hiari: lazima bunduki ifike begani akiwa amesimama, na hapo kupunguza uzito kupita kiasi ni kujidanganya.

Kuhusu uzito wenyewe, tangazo likisema kilo 1.2, mara nyingi ni miguu mitupu. Kichwa ni gramu 300 hadi 500 nyingine, na bado kuna bamba na kishikizo cha darubini. Nawaomba wahariri wa ukurasa huo mchapishe uzito wa seti nzima, kimo bila mlingoti, na kipenyo cha kipande chembamba kuliko vyote cha mguu. Hicho kipenyo ndicho kinachofichwa. Miguu ya vipande vitano hukunjika ikawa mifupi na kuingia kwenye begi, lakini kipande cha mwisho huwa chembamba mno na hapo ndipo kila mtikisiko unapoanzia. Vipande vitatu au vinne vinatosha. Unapofungua, anza na vile vinene vya juu. Kipande cha chini kibaki ndani, isipokuwa kwenye matope, ambako ni vizuri kukitoa kidogo ili vifungo visizame.

Kaboni au alumini? Kaboni hutuliza mtikisiko upesi zaidi na ni nyepesi kwa ugumu uleule, lakini ikibanwa au kugongwa vibaya hupasuka. Alumini hubonyea, na mara nyingi bado unaweza kuendelea na safari. Vifungo vya kuzungusha havinasi kwenye vichaka, ila mchanga ukiingia huanza kukwaruza. Vifungue, suuza kwa maji safi, kausha, paka grisi kidogo sana kwenye hesi. Mafuta mepesi hukusanya vumbi, yaache. Vifungo vya vibano ni vya haraka lakini vina kelele na hulegea, kwa hiyo beba spana yake ndogo. Spana hiyohiyo mara nyingi hukaza maungio ya juu ya miguu, ambayo yakilegea tripodi nzima hucheza na watu wakadhani wameuziwa kitu kibovu.

Kichwa kinastahili fedha kuliko miguu. Kwa darubini, kilicho bora ni kile chenye mkono mmoja kinachokwenda ulalo na wima kwa ulaini. Darubini ya 10x42 huonyesha upana wa takribani mita 110 kwa umbali wa mita 1000, na ya 15x56 karibu mita 80. Pitia mlima kwa mistari ya ulalo, simamisha darubini, acha macho yatembee ndani ya picha, kisha sogeza huku ukiacha sehemu ya picha ya kwanza ionekane kwenye ya pili. Kichwa cha gololi, kinachogeuka kila upande juu ya tufe, hakifanyi hivyo vizuri, maana ukikilegeza kila kitu huanguka kwa pamoja. Kama kitatumika kwa darubini na bunduki pia, kiwe na kitako kinachozunguka chenye skrubu yake ya pekee. Darubini nyingi zina tundu la skrubu mbele ya bawaba, chini ya kifuniko kidogo. Hakikisha kabla ya kununua kishikizo.

Kwa bunduki, gololi inafaa zaidi. Unaweza kuibana bunduki kwa jiriwa yenye mpira, ambayo hukubali bunduki yoyote lakini ni nzito na huiinua juu ya gololi, au kufunga reli ya mtindo wa Arca, yaani ukanda wa metali unaobanwa na kichwa cha tripodi, chini ya ubao wa bunduki. Reli hizo zina upana wa karibu milimita 38, ila hutofautiana kidogo baina ya viwanda, kwa hiyo kibano cha wenzo kilichorekebishwa kwa reli moja huweza kulegea kwenye nyingine. Kibano cha skrubu hakina tatizo hilo. Bana pale bunduki inapojisawazisha, si mbele yake, na kamwe usiegemeze mtutu wenyewe, risasi itahama. Gololi ikikazwa kabisa dakika ya mwisho husogea kidogo na shabaha hupotea. Iache na ukinzani kidogo unaoruhusu kumfuata mnyama.

Hata hivyo tripodi inashika mbele tu. Kitako cha bunduki kikicheza milimita 1, na umbali kutoka hapo hadi kwenye kibano ukiwa sentimita 60, kwa mita 200 risasi inahama sentimita 33. Hiyo inazidi sehemu ya moyo na mapafu ya mnyama wa wastani. Kwa hiyo tafuta egemeo la pili: kiwiko juu ya goti ukiwa umeketi, au begi kati ya paja na kifua. Ukiwa wima, elekeza mguu mmoja wa tripodi kwa mnyama, kisha egemea mbele. Kwenye ardhi tambarare upande huo unahimili kupinduka mara mbili ya ukiweka miguu miwili mbele. Na upige risasi za majaribio ukiwa kwenye tripodi hiyohiyo, kwani shabaha iliyowekwa mezani inaweza isilingane nayo.

Mambo mawili ya usalama hayana mjadala. Darubini ya bunduki si ya kutafutia wanyama, maana kila unachokitazama umekielekezea mtutu. Tafuta na tambua kwa darubini ya mkononi, bunduki iwe haina risasi kwenye chemba na haijaachwa peke yake juu ya stendi ambayo upepo unaweza kuiangusha. La pili hutokea tripodi ikishushwa nyuma ya jiwe au ukingo wa udongo. Darubini ya bunduki iko sentimita 4 hadi 5 juu ya mtutu, hivyo jicho linamwona mnyama waziwazi ilhali risasi itapiga jiwe lililo hatua moja mbele. Kabla ya kugusa kifyatulio, inua kichwa na uangalie kwa macho yako njia iliyo mbele ya mdomo wa mtutu.

Mwindaji, msomaji wenu