Mhariri, waambieni waandishi wenu wa mapishi wengine hatuna oveni

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mi ni mama wa hapa Pasua, Moshi, gazeti lenu nalisoma karibu kila wiki ingawa linanifikia limeshachoka, manake linaanzia kwa mume wangu, linapita kwa jirani fundi cherehani, ndo linarudi kwangu na alama za chaki. Siasa naruka, mpira naruka, naenda moja kwa moja kwenye mapishi. Leo nina lalamiko na naomba mlitoe lilivyo.

Mwezi wa saba mlituandikia mkate wa kumimina. Nilifurahi jamani, kwetu ni Tanga, huo mkate nimekulia, Ramadhani majirani walikuwa wanatuletea kwenye sahani imefunikwa kawa na sahani haikurudi tupu hata siku moja. Binti yangu yupo kidato cha tatu, akasema mama leo usiguse kitu nafuata gazeti. Nikakaa pembeni. Gazeti linasema mchele gramu 500, tui mililita 400, sukari gramu 200, hamira gramu 7, loweka, saga, acha uumuke saa moja, oveni nyuzi 180 dakika 40. Basi, imeisha hiyo, na picha ya mkate mzuuuri umekatwa vipande.

Sasa Mhariri, mizani hatuna, ya dukani ndo tunayoijua na pale tunasema nipimie nusu, nipimie robo, hatusemi gramu. Oveni hatuna. Na hilo la saa moja, kwa Moshi mwezi wa saba, sijui huyo mwandishi wenu alikuwa wapi.

Mtoto akakisia kwa macho, akaenda kusaga kwenye blenda ya jirani, akafunika bakuli akaliacha sakafuni kwenye saruji, ile saruji ya asubuhi ambayo hata paka haikalii. Saa moja ikapita hata povu moja hamna. Na kwa kuwa gazeti limesema saa moja yeye akamimina, sufuria juu ya jiko la mkaa limekolea kweli kweli, si hakuna aliyemwambia moto uweje. Chini ukawa mweusi, katikati uji, juu mweupe kama kipande cha sabuni. Baba yao akala pembeni pembeni akasema una ladha ya nazi, bila kumwangalia mtoto usoni, mdogo wake yeye akauliza huu ni mkate au ni uji umegoma. Binti akatoka nje kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Mtaona ni jambo dogo ila nazi huku kwetu haioti, inakuja na gari kutoka Tanga, na ukiinunua pale Mbuyuni unaisikia mfukoni.

Nilijua kosa liko wapi kwa sababu na mimi lilinikuta. Nimeolewa Uchaggani mwaka 1999, wiki ya kwanza nyumbani kwa wakwe Old Moshi nikataka kujionyesha, nikasema ntawapikia mahamri. Nikakanda unga na tui na iliki kama alivyonifundisha mama, nikafunika, nikasubiri. Kwetu ukishamaliza kuosha vyombo unga umeshapanda. Kule nimeosha vyombo, nimechota maji, nimechambua mboga, unga umelala pale pale kama jiwe, na wifi zangu wanapita wanachungulia wanatoka kimya. Mama mkwe hakusema kitu. Akachukua lile bakuli akalizungushia kitenge, akalipandisha darini juu ya mafiga, kule wanakoivishia ndizi za mbege, kuna joto la moshi muda wote. Baada ya muda akaniita niangalie, unga umepanda mpaka umekinyanyua kitenge. Alipoonja akasema kumbe ni andazi lakini limevaa nguo za harusi. Yale mahamri yalinukia moshi kidogo, na mpaka leo nikila yasiyonukia moshi naona yamepungukiwa.

Kwa hiyo hili la saa moja ndo naomba huyo mwandishi alielewe. Hamira ni kitu hai, inataka joto kama la mwili wa mtu, ukiipa baridi inalala, ukiipa maji ya moto inakufa na haifufuki. Moshi mjini tuko kama mita 900 juu ya bahari, Arusha ni kama 1,400, na kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane huku watoto wanaenda shule na masweta, unga hauwezi kupanda sawa na wa Tanga au Dar. Mwezi wa pili sasa ni kinyume chake, Moshi inawaka, ukisema ngoja nifike sokoni mara moja unarudi unakuta unga umemwagika mezani. Saa ya ukutani hapo haisaidii, mtu aambiwe aangalie unga wenyewe. Wa ngano ukiubonyeza kidole na kishimo kikarudi taratibu, tayari. Wa kumimina ukiona juu umejaa povu na vitundu kama sponji, tayari, na hapo usiukoroge tena hata kama mkono unawasha, ukikoroga unafukuza hewa yote. Na kabla ya yote hamira ijaribiwe kwenye maji ya uvuguvugu na sukari kidogo, ikifika dakika 10 haijatoa povu itupwe, usimwage nazi yako hapo.

Baridi yenyewe tunaikwepa. Mi naweka bakuli ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya uvuguvugu, nafunika na kanga mbili, naliweka karibu na jiko linalochemsha maharage. Shoga yangu wa Arusha yeye analiingiza kitandani chini ya blanketi, mumewe siku moja akarudi kazini amechoka akajilaza, mengine siandiki.

Na hayo maharage nayo. Huku juu maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, Arusha ni kwenye 95 hivi, yanatokota vizuri ukiyaona lkn joto lake ni pungufu, ndo maana maharage yanachukua muda kuliko pwani. Mapishi yenu yakisema chemsha dakika 45 sisi tunacheka tu.

Tuje kwenye moto sasa, hapa naomba nafasi maana ndo penyewe. Mkate wa kumimina haukuzaliwa kwenye oveni. Mama yangu alikuwa na kikaango kizito cha chuma, anakipaka mafuta, anakipasha mpaka ukidondosha tone la unga linalia chiii, anamimina, halafu HAPO HAPO anapunguza makaa yanabaki machache ya pembeni. Anafunika. Chini ukishashika na juu umekauka haunati kidole, anakitoa kikaango, anachochea makaa yakolee, anakigeuza kifudifudi juu ya jiko, mkate unatazama moto na haudondoki kwa sababu umeshikilia chuma, juu unabadilika rangi taratibu unakuwa kama kahawa ya maziwa. Mara ya kwanza kuona nilipiga kelele nikidhani mkate wote umeingia jikoni. Hakuna nyuzi 180 hapo, kuna pua. Harufu ya nazi ikianza kuwa kali kidogo unatoa.

Mikate ya ngano na skonsi natumia mchanga. Sufuria kubwa ya zamani, mchanga wa mtoni umeoshwa na kukaushwa, kina cha vidole viwili, juu yake vijiwe vitatu vya kukalisha kopo la mkate. Unafunika unapasha robo saa, ukinyunyiza unga kidogo kwenye mfuniko wa kopo ukauweka ndani, ukibadilika kuwa rangi ya chai kwa dakika chache basi joto linatosha, ukiwa mweusi subiri kwanza. Ukishaweka mkate makaa mengi yanahamia juu ya mfuniko wa sufuria, chini yanabaki kidogo tu, na hapo ndipo wengi wanapoungua, wanawasha chini kama wanapika makande. Kipimo changu cha unga ni kikombe cha chai cha bati, vinne kwa nusu kilo, hakijawahi kuniangusha.

Haya, kuna jambo jingine ambalo sijaona mtu akiliandika. Serikali inatuambia tuhame kwenye mkaa, mkakati wa nishati safi ya kupikia ulizinduliwa 2024 na unataka ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameshahama. Mi sipingi hata kidogo, nimekaa kwenye jiko la mama mkwe nikijua moshi unavyofanya macho, na mtungi wa gesi ninao, ule mdogo wa kilo 6. Ila kwenye gesi makaa ya kuweka juu ya mfuniko ntayatoa wapi? Moto wote uko chini! Nimeharibu mikate minne kabla sijajua. Nachofanya ni kuweka kikaango cha chapati juu ya moto mdogo kabisa, sufuria ya mkate ndo inakaa juu ya hicho kikaango ili moto usiipige moja kwa moja, mfuniko naufunga kitambaa kikavu kwa ndani kinyonye mvuke maana ule mvuke ukidondokea mkate juu unakuwa na madoa, na ukishashika naugeuza kwa sahani kama mtu anavyogeuza chapati nene. Haupati rangi kama ya makaa, hilo nakubali. Sasa nyie mna watu, mna jiko la kujaribia sijui, tuandikieni mkate wa kwenye gesi ya plate moja. Ukurasa mzima. Mtaona gazeti litakavyonunuliwa.

Na mtori wenu wa mwaka jana niliusamehe lkn naona nitaje. Mliweka karoti na krimu ya dukani. Mama mkwe aliposomewa alisema hiyo ni supu ya hotelini, watu wa hotelini wale. Mtori ni ndizi mshare, nyama yenye mifupa iliyochemka mpaka inaachia, kitunguu, chumvi, unaponda na mwiko ukiwa wa moto, mwisho unaweka siagi au maziwa kama yapo, mzazi ananyweshwa apate nguvu, na sisi wengine tunamalizia kilichobaki kwenye sufuria kwa kisingizio cha kumsaidia. Loshoro ya wenzetu wa Arusha, ile ya maziwa mgando, sijawahi kuiona kwenye ukurasa wenu hata mara moja, kiburu chetu cha ndizi na maharage hali kadhalika, ila lasagna nimeiona mara mbili.

Halafu bei. Ngano tunayokula nchi hii sehemu kubwa inatoka nje, ndo maana vita ya Urusi na Ukraine ilipoanza 2022 ilitufikia mpaka kwenye andazi, la mtaani kwetu likapungua likawa kama limeugua. Na wakati huo huo kule West Kilimanjaro ngano inalimwa, ukipita barabara ya Siha unaiona. Ndizi je? Ndizi mbivu zilizolainika ambazo watu wanawapa ng'ombe, ukiziponda ukachanganya na unga nusu kwa nusu, yai moja na bekingi pauda, unapata mkate mtamu ambao sukari yake ni kidogo sana. Kwenye mchanga unaiva vizuri tu, na haupandishwi na hamira kwa hiyo baridi haiuhusu. Hicho ndo kitu cha kumwandikia mtu wa Moshi mwezi wa saba.

Binti nilimwambia tutarudia Jumapili inayofuata na tulirudia. Safari hii mchele ulilala kwenye maji usiku kucha, bakuli likakaa kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu, tukasubiri saa mbili na nusu, yeye mwenyewe akiinua kanga kila baada ya muda kuchungulia mpaka nikamkemea kwamba unaingiza baridi. Kugeuza kikaango aliogopa, nikageuza mimi. Upande mmoja uliungua kidogo, tukaukata. Yule mdogo wake wa uji umegoma alikula vipande vinne na akataka cha tano kwa ajili ya shule. Ile karatasi ya gazeti ipo bado, imebandikwa ukutani jikoni kwa ugali, lkn pale kwenye saa moja binti amekata na peni nyekundu akaandika mpaka utoe povu, na pale kwenye oveni ameandika muulize mama.

Sasa naomba tu huyo mwandishi wenu siku akitaka kuandika tena mkate apande basi aje, tutampokea, chumba kipo. Aje mwezi wa saba na sweta, na akipita Tanga aniletee nazi.

Mama wa Pasua,
Moshi