Mwanangu, minyanya yako haina njaa

Mwanangu,

Picha uliyonitumia nimeitazama mara tatu, mara ya mwisho nikavaa miwani. Minyanya imekupita kimo, mashina membamba, majani machache yaliyoachana, na yote imeinama upande mmoja kama watu wanaochungulia dirishani. Halafu unaniuliza uongeze mbolea gani. Usiongeze. Mnyanya unaorefuka bila kunenepa unatafuta jua.

Nalijua kosa hilo kwa sababu nililifanya mimi. Hujaanza hata shule, nilipanda minyanya kumi chini ya ule mti wa nyuma, nikawa naitilia samadi kila nikiiona imenyong'onyea. Ilipendeza! Majani yamekolea, kila apitaye anasifu. Maua yalipotoka, yakapukutika. Ukitazama vizuri, kikonyo cha ua la mnyanya kina kifundo katikati, kama kiwiko. Basi asubuhi nakuta vikonyo vimekatikia pale pale kifundoni, na ua liko chini, zima, la manjano. Baba yako akasema tumelima mapambo. Samadi ilikuwa inaongeza majani tu, na mizizi ya mti nayo inawahi maji kabla ya minyanya.

Kwa hiyo kabla hujanunua kitu, pima jua. Chagua sehemu tatu hapo uani. Siku ukishinda nyumbani, toka kila baada ya saa moja, na popote penye jua kamili katika hizo tatu uweke kijiwe. Jioni hesabu. Mnyanya unataka vijiwe 6 hadi 8. Penye 4 au 5 nyanya kubwa zitakusumbua, lakini zile ndogo za vichala utazila, maana tunda dogo halihitaji sukari nyingi mpaka liive. Chini ya hapo panda mboga za majani, uokoe nguvu zako. Na kama jua lenyewe ni la saa chache, heri la asubuhi, linakausha umande mapema. Majani yanayoshinda yamelowa ndiyo yanayokaribisha ugonjwa wa bakajani, na huo ukiingia unaweza kumaliza minyanya yote ndani ya siku chache.

Hiyo mirefu usiing'oe bado. Kwenye kwapa za majani kuna vichipukizi. Kata vyenye urefu wa kiganja, uvitie kwenye glasi ya maji. Wiki moja au mbili vitakuwa na mizizi. (Vidole vitabaki na rangi ya kijani na ile harufu, usishangae, sabuni inatoa.) Kisha uvipande kwenye ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, shina ulizamishe sana, kwa kuwa sehemu iliyofukiwa nayo hutoa mizizi. Ndoo inahamishika, na jua linahama kadiri miezi inavyokwenda.

Tawi la mti wa jirani linalovuka ukuta na kuziba jua, muombe kwanza. Usilikate usiku, nakujua.

Maji, polepole. Kivulini udongo haukauki upesi. Zamisha kidole, kikitoka na unyevu, siku hiyo usimwagilie. Ukimwagilia, mimina chini, si juu ya majani.

Maua yakichanua, yagongegonge kwa ukucha kila siku wakati wa mchana. Ua la mnyanya linajichavusha lenyewe, ila linataka kutikiswa, na uani kwako kwenye kuta pande zote sidhani kama upepo unafika. Nyanya zikianza tu kugeuka rangi, zichume ziivie ndani. Hapo zinataka joto, jua si lazima.

Mbegu uliyopanda ni ipi? Hukuniambia. Niandikie hilo, na kila rundo lilipata vijiwe vingapi, ndipo tupange ndoo zikae wapi.

Mama yako